Huduma Mbovu Haianzii Mezani

Malalamiko dhidi ya huduma katika migahawa ya Kimexico nchini Marekani hufanana kutoka Texas hadi Ohio. Mteja anaketi, analetewa papo hapo kikapu cha chipsi za mahindi na kibakuli cha salsa, anaagiza, kisha anasubiri. Dakika 15 zinapita, 25, 40. Mhudumu anapita mara mbili bila kutazama upande wake. Chakula kikifika, sahani moja inaunguza na nyingine imepoa, enchilada zina nyama badala ya jibini, na maji yaliyoombwa mwanzoni bado hayajaonekana. Mwishoni hata bili inatafutwa kwa kupunga mkono. Mteja anaondoka amekunja uso, na kwenye mstari wa bakshishi anaandika sifuri.

Hukumu inayofuata imezoeleka kiasi kwamba wachache huihoji. Husemwa kwamba mhudumu ni mvivu au hana adabu, na dawa yake ni kunyimwa bakshishi ili ajifunze. Wengine huongeza hukumu ya pili, iliyo mbaya zaidi: kwamba Wamexico ndivyo walivyo, watu wa kesho, wasioijali saa. Hukumu zote mbili zimekosea. Kuchelewa, kusahaulika na kupoa kwa chakula huandaliwa kabla mteja hajaegesha gari, hata kama hakuna aliyekusudia. Huandaliwa katika ratiba ya zamu, katika sheria ya mishahara, katika bei zilizochapwa kwenye menyu. Mhudumu ni wa mwisho kuguswa na mambo hayo, na lawama humwangukia kwa kuwa uso wake ndio pekee unaoonekana.

Safari ya oda moja inatosha kuanzia. Ikiingizwa kwenye kompyuta ya ukumbini, oda hutokea jikoni ikiwa kipande cha karatasi, na kazi hugawanywa: yupo anayesimama kwenye jiko la kuchomea nyama, yupo wa karai la mafuta, yupo anayepakua wali na maharage, yupo anayeponda parachichi kwa ajili ya guacamole. Meza ya watu wanne inaweza kuwagusa wote hao. Mmoja ameagiza fajita, ambazo hutaka nyama ichomwe, vitunguu na pilipili hoho vikaangwe, na sahani ya chuma ipashwe hadi itoke ikichachatika. Wa pili anataka chile relleno, yaani pilipili kubwa iliyobabuliwa, ikamenywa, ikajazwa jibini, ikavikwa povu la yai na kukaangwa. Wa tatu ana enchilada zinazomalizikia kwenye oveni. Wa nne ana saladi ya dakika tatu. Adabu ya mezani inadai wote wanne wale pamoja, kwa hiyo sahani iliyotangulia hukaa kwenye dirisha la jikoni, chini ya taa ya joto, ikingoja zile nyingine. Ndiyo sababu onyo la kwamba sahani ni ya moto sana husikika karibu kila mgahawa wa aina hii, na ndiyo sababu chakula kilicho juu ya sahani hiyohiyo huweza kuwa kimekauka pembeni. Mhudumu hakukikausha. Alikikuta hivyo.

Menyu nayo huongeza mzigo. Mtindo wa sahani mchanganyiko zinazoagizwa kwa namba umetokana na Texas, na jina linalohusishwa nao zaidi ni la Otis Farnsworth, aliyefungua Original Mexican Restaurant jijini San Antonio mwaka 1900 kwa ajili ya wateja weupe waliotaka chakula cha mitaa ya Wamexico katika ukumbi rasmi. Namba zilikusudiwa kurahisisha mambo. Leo zimekuwa mwanzo tu wa majadiliano: namba 7, lakini taco iondolewe iwekwe tamale, maharage yasiwepo, wali uongezwe, jibini pembeni. Kila badiliko ni mwanya wa kosa, kwa sababu lazima lipite kwenye sikio la mhudumu, kidole chake, mashine ya kuchapa, na macho ya mpishi mwenye karatasi nyingine kumi mbele yake.

Kuhusu kusubiri, hesabu yake si siri. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha kanuni za foleni mwaka 1909, na kanuni hizo hazibagui simu na sahani. Zinafundisha jambo ambalo akili ya kawaida hailitarajii: mahali pa kazi pakikaribia kujaa, muda wa kusubiri hauongezeki kidogo kidogo, hupaa. Tuseme jiko linaweza kutoa sahani 30 kwa saa. Kwa foleni ya aina rahisi kabisa, oda zikiingia 24 kwa saa, kila moja itachukua wastani wa dakika 10 hadi kutoka. Zikiingia 29 kwa saa na hali hiyo ikadumu, wastani unakuwa dakika 60. Tofauti ni sahani tano tu, na kusubiri kumeongezeka mara sita. Katika hesabu hiyo hakuna pahali pa uvivu wa mhudumu. Kuna mpishi mmoja aliyehitajika na hakuwepo.

Tangu mwaka 2020 foleni hiyo imepata mkia usioonekana. Oda za simu zinazochukuliwa na wapeleka chakula huingia kwenye jiko lilelile, kwa wapishi walewale, huku ukumbi ukibaki nusu mtupu. Mteja anatazama meza tupu na kujiuliza kwa nini sahani mbili za taco zinachukua nusu saa. Jibu liko nyuma ya ukuta: mifuko ya karatasi iliyopangwa mlango wa nyuma. Mmiliki aliyekubali kupokea oda bila kikomo huku akiwa na wapishi wale wale ndiye aliyewauza wateja wa ukumbini, na lawama anaipokea mwingine.

David Maister, mtaalamu wa uongozi wa biashara za huduma, alieleza mwaka 1985 kwamba kusubiri bila shughuli huhisiwa kuwa kurefu kuliko kusubiri kwenye shughuli, na kusubiri kusikoelezwa hutesa kuliko kunakoelezwa. Migahawa ya Kimexico ilishaijua nusu ya kwanza ya somo hilo. Kikapu cha chipsi ni shughuli ya mikono na mdomo. Nusu ya pili ndiyo iliyosahaulika. Kikapu kikiisha, mteja anataka habari, na mhudumu hana habari. Hajui oda itatoka lini, haruhusiwi kuiruka foleni ya jikoni, mara nyingi haruhusiwi hata kupunguza bili bila ufunguo wa meneja. Mhudumu anayepita bila kutazama meza huwa mara nyingi anakwepa swali asilokuwa na jibu lake. Ni tabia mbaya, na inaumiza kuitendewa. Lakini inaondoka pale mmiliki anapompa mhudumu mambo mawili: taarifa za jikoni na mamlaka ya kuomba radhi kwa kitu kinachoshikika, kama kinywaji kisicholipiwa. Hakuna kati ya hayo linalopatikana kwa kuandika sifuri kwenye karatasi.

Swali linabaki: kwa nini jiko linakosa watu ilhali ukumbini wahudumu wanne wamesimama wakikunja vitambaa? Mteja akiwaona husema, tazama, wamesimama tu. Hapa ndipo sheria inapoingia, na ndipo maoni ya wengi yanapokosea zaidi.

Sheria ya shirikisho ya viwango vya haki vya kazi ilipitishwa mwaka 1938, lakini wafanyakazi wa migahawa na hoteli waliachwa nje. Walipoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1966, waliingizwa kwa masharti: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi ya wateja kuwa sehemu ya mshahara anaopaswa kuulipa yeye. Tangu mwaka 1991 sehemu ambayo mwajiri analazimika kuitoa mfukoni kwa mfanyakazi wa bakshishi ni dola 2.13 kwa saa. Mwaka 1996 Bunge liliitenga na kima cha chini cha jumla, ili hiki kikipanda ile ibaki palepale. Kima cha jumla chenyewe kimesimama kwenye dola 7.25 tangu mwaka 2009. Bakshishi isipofikisha mapato kwenye kiwango hicho, mwajiri anapaswa kujazia pengo. Texas, yenye migahawa ya Kimexico mingi kuliko jimbo lolote isipokuwa California, inafuata dola 2.13 hizo.

Mpishi hapokei bakshishi, kwa hiyo hulipwa mshahara kamili. Tuseme ni dola 15 kwa saa. Kwa fedha hiyo mmiliki anaweza kuwaweka ukumbini wahudumu saba, kwa kuwa mara saba ya 2.13 ni dola 14.91. Mfanyabiashara anayehesabu senti, na biashara ya mgahawa huwafanya wengi wahesabu senti, atajaza ukumbi na kuubana upande wa jiko. Atawatumia wahudumu hao wa bei rahisi kufagia, kujaza chupa za pilipili, kufunga uma na visu kwenye vitambaa. Wizara ya Kazi ilijaribu kuweka mpaka wa kazi za namna hiyo zinazoweza kufanywa kwa mshahara wa bakshishi, na mwezi Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya New Orleans ikaifuta kanuni hiyo. Wahudumu waliosimama si ushahidi wa uvivu wao. Ni ushahidi wa nani ni rahisi kuajiriwa na nani ni ghali, na oda inakwama palipo na aliye ghali.

Jambo la pili katika sheria halijulikani na wateja wengi, ingawa lingepaswa kumaliza mjadala wa bakshishi kuwa fimbo. Marekebisho ya mwaka 2018 yalipiga marufuku mwajiri, meneja na msimamizi kuchukua bakshishi za wafanyakazi, na hilo ni jema. Yaliruhusu pia wapishi na waosha vyombo kugawana bakshishi na wahudumu, lakini pale tu ambapo mwajiri anawalipa wote kima kamili cha chini. Mwajiri anayelipa dola 2.13 hawezi kuwaingiza wapishi katika mgao huo. Kwa maneno mengine, katika mgahawa wa Texas wenye mfumo wa kawaida, mteja aliyekasirishwa na kuchelewa kwa jiko hana njia ya kumfikia aliye jikoni, kwa thawabu wala kwa adhabu. Fimbo yake haifiki huko. Inamwangukia aliyekuwa akingoja kwenye dirisha pamoja naye.

Tena humwangukia kwa uzito asioujua mteja. Katika migahawa mingi mhudumu hutakiwa mwisho wa zamu kuwagawia msafisha meza na mchanganyaji wa vinywaji asilimia fulani ya mauzo yake, bila kujali alipata bakshishi kiasi gani. Ikiwa mgao ni asilimia 3, meza ya dola 80 iliyoacha sifuri inamdai mhudumu dola 2.40 kutoka kwenye bakshishi za meza nyingine. Hiyo ni zaidi ya mshahara wake wa saa nzima. Amelipa ili amhudumie mtu.

Wanaotetea fimbo hiyo hudai kwamba, pamoja na kasoro zake, bakshishi hufanya kazi: mhudumu mzuri hupata nyingi, mbaya hupata kidogo, na soko linamrekebisha. Dai hilo limepimwa. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye amechunguza bakshishi kwa miongo kadhaa, amekuta tena na tena kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na ukubwa wa bakshishi ni hafifu mno. Kinachoamua kiasi ni hasa ukubwa wa bili, kwa kuwa watu hutoa asilimia waliyoizoea. Tafiti za aina hiyo zimeonyesha pia kwamba vitu vidogo visivyohusiana na chakula, kama peremende inayoletwa pamoja na bili, hupandisha bakshishi. Mshahara unaopanda kwa peremende na hautikisiki kwa oda iliyoandikwa sawasawa hauwezi kumfundisha mtu kuandika oda sawasawa.

Kuna baya zaidi ya kutofundisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Lynn na wenzake walikuta kwamba wahudumu weusi wa mgahawa waliouchunguza walipata bakshishi ndogo kuliko weupe, hata pale huduma yao ilipopimwa kuwa sawa, na hata kutoka kwa wateja weusi. Naye mwanasosholojia Zachary Brewster amechunguza upande wa pili wa sarafu hiyo: wahudumu wanaoamini kwamba kundi fulani la wateja litaacha kidogo hulihudumia kwa ulegevu tangu mwanzo. Mfumo unaomlazimu mhudumu kukisia kipato chake kwa kutazama sura za wanaoingia mlangoni unatengeneza ubaguzi kila jioni, katika pande zote mbili za meza. Familia ya wakimbizi wa Kikongo waliopewa makazi Texas, wanaozungumza Kiswahili mezani na kuvaa vitenge, inaweza kusahaulika kwenye kona kwa sababu hiyo hiyo, kabla haijatamka neno. Aliyeumizwa kwa namna hiyo ana haki kamili ya kulalamika. Lakini atakayeshauri bakshishi iwe dawa ya maradhi hayo anashauri sumu iliyoyaleta.

Wala bakshishi haikuwa desturi ya kale ya Wamarekani isiyoguswa. Ilienea baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kampuni ya mabehewa ya kulala ya George Pullman, iliyoanzishwa mwaka 1867, iliipa mizizi kwa kuwaajiri watu weusi waliotoka utumwani kwa mshahara mdogo na kuwaachia abiria wajazie. Raia wengi wa wakati huo waliiona ni aibu kwa jamhuri. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, majimbo mengine kadhaa ya kusini na ya kati yakafuata, na kufikia mwaka 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Wahudumu wa Pullman walipounda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, walidai mshahara unaojulikana badala ya ukarimu usiojulikana. Mkataba waliupata mwaka 1937. Watu waliokuwa wamesifiwa kwa huduma bora kuliko wote nchini ndio waliosema bakshishi haitoshi kuishi.

Hukumu ya pili, ile ya utamaduni, inastahili jibu lake. Ni hukumu ya kudharau watu, na inashindwa hata kwa ushahidi mwepesi. Wahudumu wengi wa migahawa hii wamezaliwa Marekani; baadhi ya migahawa haina Mmexico kwenye umiliki wala ukumbini. Kuchelewa kwenyewe kuna ratiba isiyohusiana na asili ya mtu: Ijumaa saa moja usiku, Siku ya Mama, na tarehe 5 Mei. Siku hiyo ya mwisho ni kumbukumbu ya vita vya Puebla vya mwaka 1862, ambayo nchini Mexico nje ya Puebla hupita kwa utulivu, na ambayo Marekani imekuwa sherehe ya vinywaji. Wateja hufurika, jiko huzama, na kisha Wamexico hulaumiwa kwa uzembe katika sikukuu ambayo wengi wao hawaiadhimishi hivyo.

Pale ambapo utamaduni una sehemu kweli, ni sehemu ya adabu. Nchini Mexico mhudumu haleti bili kabla hajaombwa. Kuiweka mezani mgeni akiwa bado ana kikombe mkononi ni kumwambia aondoke. Muda wa mazungumzo baada ya kula una jina lake, sobremesa, na kuukata ni utovu wa heshima. Msomaji aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki, ambako kumharakisha mgeni aliyemaliza kula ni aibu kwa mwenye nyumba, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mgahawa wa Kimarekani hutarajia kinyume chake, bili ije pamoja na sahani za mwisho ili meza ipate wengine. Kwa hiyo malalamiko ya kwamba bili ilitafutwa kwa kupunga mkono huweza kuwa malalamiko ya mtu aliyeheshimiwa bila kujua.

Dharau hiyo hiyo imo pia ndani ya bei. Krishnendu Ray wa Chuo Kikuu cha New York, katika kitabu chake The Ethnic Restaurateur cha mwaka 2016, ameonyesha kwamba kiasi ambacho wateja wako tayari kulipia chakula cha taifa fulani hufuata hadhi wanayolipatia taifa hilo. Chakula cha Kifaransa na Kijapani hukaa juu. Cha Kimexico hukaa chini. Kazi iliyomo kwenye chakula haihesabiwi. Na kazi ipo. Tortilla ya kweli, ile chapati ya mahindi, huanza kwa mahindi kuchemshwa na chokaa, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa, yakasagwa yakiwa na unyevu, yakakandwa, yakatandazwa na kuokwa moja moja. Mchuzi wa mole unaweza kuhitaji pilipili kavu za aina tatu au nne, ufuta, karanga, viungo na kakao, kila kimoja kikikaangwa peke yake kabla ya kusagwa. UNESCO iliandikisha mapishi ya jadi ya Mexico mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa binadamu, na mahindi yenyewe, yaliyokuja baadaye kulisha sehemu kubwa ya Afrika, yalianza kulimwa huko yapata miaka 9,000 iliyopita. Mteja ambaye hulipa dola 30 kwa tambi za Kiitaliano bila kulalamika hushtuka akiona enchilada za dola 20, na bado anataka chipsi zijazwe mara tatu bila malipo. Jiko lenye wapishi watatu badala ya watano limejengwa kwa sehemu na matarajio hayo. Hapa lawama inamgusa mteja mwenyewe, na si haki kuificha.

Hoja nzito zaidi dhidi ya yote haya hutoka kwa wamiliki. Husema faida ya mgahawa ni nyembamba, na kwamba kulipa wahudumu mshahara kamili kutafunga milango. Mfano unaotajwa ni wa Danny Meyer, mwenye migahawa mashuhuri ya New York, aliyeondoa bakshishi mwaka 2015, akapandisha bei, na mwaka 2020 akairudisha. Mfano huo unathibitisha jambo dogo kuliko linalodaiwa. Mmiliki mmoja akipandisha bei peke yake, menyu yake inaonekana ghali kando ya jirani anayeficha sehemu ya gharama kwenye mstari wa bakshishi, na wahudumu wake hodari huvutwa na jirani huyo. Kanuni inayowafunga wote haina udhaifu huo. California haimruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama mshahara. Mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo, kilichofika dola 16 kwa saa mwaka 2024, na bakshishi ni juu yake. Kama hoja ya wamiliki ingekuwa sahihi, California ingekuwa kaburi la migahawa ya Kimexico. Kwa hesabu ya Pew Research Center ya mwaka 2024, ndilo jimbo lenye mingi kuliko yote nchini, zaidi ya moja kwa kila mitano. Majimbo mengine sita yana kanuni hiyo hiyo, kuanzia Washington na Oregon hadi Minnesota.

Mshahara kamili peke yake hauleti sahani mezani. Unachofanya ni kuondoa punguzo la bandia linalomfanya mhudumu awe rahisi mara saba kuliko mpishi, na kufungua mlango wa kisheria wa kugawana bakshishi na jiko. Kilichobaki ni utawala wa kawaida wa mgahawa: kuweka kikomo cha oda za nje saa za msongamano, kupunguza menyu, kumpa mpokea wageni ruhusa ya kusema kweli kwamba kutakuwa na kusubiri dakika 45, kumpanga mpishi wa ziada Ijumaa. Yote hayo yako mikononi mwa mmiliki na meneja, na hakuna hata moja lililo mikononi mwa anayebeba trei.

Wapo wahudumu wakorofi. Kumtukana mteja, kumcheka lafudhi, kumwongezea bili kwa makusudi au kumpuuza kwa rangi yake ni makosa ya mtu, na yanapaswa kupelekwa kwa meneja kwa jina na saa. Hoja ya hapa haiwatetei hao. Inakataa kuwachanganya na walio wengi, ambao kosa lao ni kusimama mbele ya jiko lililozidiwa.

Na wengi wao wana malalamiko yao wenyewe yasiyosikika. Wizara ya Kazi ilipokagua migahawa karibu 9,000 yenye huduma ya mezani kati ya mwaka 2010 na 2012, ilikuta ukiukaji wa sheria za mishahara katika zaidi ya migahawa minane kwa kila kumi. Mhudumu asiye na karatasi za ukaazi husita kudai, ingawa sheria ya kima cha chini inamlinda naye pia. Baadhi ya miji imejaribu kuubadili mfumo huu. Wapiga kura wa Washington, mji mkuu, waliidhinisha mwaka 2018 kuondolewa kwa mshahara wa bakshishi, halmashauri ya jiji ikaufuta uamuzi wao mwaka huo huo, nao wakaurudia kwenye sanduku la kura mwaka 2022. Chicago ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuupandisha hatua kwa hatua kwa miaka mitano hadi ulingane na kima cha kawaida.

Kwa mteja aliyesubiri dakika 40, njia iliyo sahihi ni fupi. Amwite meneja, akiwa bado mezani, aeleze saa aliyoagiza na saa chakula kilipofika, aulize jikoni wako wapishi wangapi usiku huo na oda ngapi zinatoka kwa mlango wa nyuma, na adai punguzo kwenye bili, ambayo ni fedha ya mmiliki. Bakshishi ya mhudumu aiache kamili.